Una PR (makazi ya kudumu nje) na unafikiria kuchukua uraia wa huko? Soma hii kabla hujaapa

Nianze na jibu maana najua wengi mmekuja kwa ajili ya hilo tu: Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Sheria ya Uraia, Sura ya 357, ile ya mwaka 1995, inasema ukishatimiza miaka 18 alafu ukachukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako, uraia wa Tanzania unakoma. Unakoma wenyewe. Hausubiri barua, hausubiri mtu wa Uhamiaji akugundue, hausubiri pasipoti iishe muda. Siku unayonyoosha mkono ukaapa kule Toronto au Houston au Birmingham ndiyo siku hiyo hiyo umetoka huku, hata kama pasipoti yako ya Tanzania ina miaka sita mbele na imelala salama kwenye droo.

Jibu la pili, ambalo watu hawalisikii vizuri kwasababu lile la kwanza limeshawatisha: PR, grinkadi ya Marekani, ILR ya Uingereza, hivyo vyote ni makazi ya kudumu tu, havigusi uraia wako hata kidogo. Unaweza kukaa nje na makazi ya kudumu miaka thelathini ukabaki Mtanzania kamili, na kitambulisho chako cha taifa cha NIDA, na kiwanja chako Kigamboni kwa jina lako, na unashuka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere unapita upande wa wenyeji bila kuulizwa viza.

Kwahiyo kati ya siku unayopata PR na siku ya kiapo kuna kipindi, kwa wengine miaka mitatu, kwa wengine mitano au kumi, ambacho bado una vyote viwili mkononi, na kila kitu kinachohitaji Utanzania wako inabidi ukimalize ndani ya kipindi hicho. Mimi nipo hapa Dar, ndugu zangu wengi wako nje, na makaratasi yao ya huku mara nyingi nafuatilia mimi, na ninachokiona kila mara ni kwamba mtu anapanga vizuri sana upande wa kule (masiku, mtihani, ada) alafu upande wa huku anaukumbuka akiwa ameshaapa. Panga kwa kurudi nyuma. Chukua tarehe unayodhani utaapa, alafu uliza nini lazima kiwe kimeisha kabla yake.

"Lakini Kanada wanaruhusu"

Ndio wanaruhusu, tangu 1977. Uingereza wanaruhusu, Marekani hawakulazimishi kuacha wa kwenu, Ujerumani walibadilisha sheria na tangu 27 Juni 2024 hawamtaki tena mtu aukane uraia wake wa zamani. Ila hilo ni nusu ya jibu. Uraia pacha unahitaji nchi zote mbili zikubali, na yenu ikikataa basi imekataa, hata kama ile ya pili imefungua milango yote. Kiapo cha Marekani chenyewe kina maneno ya kuachana na utii kwa dola nyingine, Wamarekani wenyewe hawakufuatilii baada ya hapo, lakini sheria ya Tanzania haihitaji Wamarekani wakufuatilie.

Hapa ndipo majirani wanatuchanganya. Mkenya wa kuzaliwa anachukua uraia wa Marekani na wa kwao unabaki, Katiba yao ya 2010 inasema hivyo ibara ya 16, anachotakiwa ni kutoa taarifa serikalini ndani ya miezi mitatu. Uganda wanaruhusu, Rwanda wanaruhusu, Burundi wanaruhusu. Sasa mtu anakaa nyumba moja na Mkenya huko Minnesota, anamuona jamaa ana pasipoti mbili anasafiri bila shida, anajua na yeye ni hivyo hivyo. Sio hivyo. Ushauri wa Mkenya kwenye hili ni mzuri kwa Wakenya wenzake.

Kuna nchi ambazo hata wao hawataki: India, Japani, Oman. India wana kitu kinaitwa OCI, na hapa Dar familia nyingi zenye asili ya huko wanacho. Kile sio uraia, ni kadi ya kukaa na kuingia bila viza, Mtanzania mwenye OCI anabaki Mtanzania. Nakitaja kwasababu kinasaidia kuelewa kitu kingine nitakachokuja nacho mbele, hadhi maalum.

Na hili la ndoa. Sheria yetu haimuondolei uraia mtu aliyepata uraia wa nje kwa sababu ya kuolewa au kuoa. Watu wanalishika hilo wanasema basi mimi nimeolewa na Muingereza, nipo salama. Pole pole hapo. Kuna nchi ndoa yenyewe inakupa uraia, na kuna nchi ndoa inakupunguzia tu miaka ya kusubiri alafu unajaza fomu mwenyewe, unalipa mwenyewe, unaapa mwenyewe. Uingereza na Marekani ni za aina hii ya pili. Usijitafsirie, hapa lipa wakili wa uraia aandike maoni yake kwenye karatasi, hela yake sio kubwa ukilinganisha na kinachoweza kupotea.

Unauhitaji kweli?

Swali hili watu wanaliruka. PR ni kituo halali cha kuishi, sio lazima iwe daraja la kuelekea uraia. Kazi unafanya, shule watoto wanasoma, hospitali unatibiwa, nyumba unanunua.

Uraia unaongeza nini? Kupiga kura kule. Pasipoti inayofungua nchi nyingi. Hufukuzwi kirahisi, maana mwenye PR akipata kesi nzito anaweza kurudishwa kwao, raia hapana. Na huhesabiwi tena siku za kuwa nje. Kwa Marekani kuna kubwa zaidi: mwenye grinkadi hawezi kumuombea mama wala baba, anaweza mume au mke na watoto ambao hawajaoa au kuolewa, lakini wazazi ni mpaka uwe raia na uwe na miaka 21. Kama mama yako yuko Tandika peke yake na umri unaenda na unataka aje kuishi kwako, hiyo ni sababu nzito, na mimi mtu akiniambia hiyo huwa sibishani nae.

Unapoteza nini huku? Ardhi, nitaieleza vizuri hapo chini. Kura na kugombea. Kazi zinazotaka raia. Na haki ya kuingia na kukaa bila kuomba ruhusa ya mtu, ambayo ukiwa nayo huioni thamani yake mpaka uje kwenye msiba wa mzazi unasimama dirisha la wageni unalipia viza. Raia wa nchi nyingi ni dola 50, mwenye pasipoti ya Marekani ni dola 100, na ukitaka kukaa ufanye kazi au biashara unaanza kuongelea kibali cha ukaazi daraja A au B kama mgeni mwingine yeyote.

Msimamo wangu ni huu. Kama una mpango wa kweli wa kurudi, sio ule wa "ipo siku", yani umeshanunua kiwanja, umeanza msingi, unajua utafanya biashara gani, basi kaa na PR na uilinde vizuri. Kama maisha yako yameshahamia kule, watoto wameota mizizi, unataka kuleta wazazi, hujawahi kufikiria kurudi zaidi ya likizo, chukua uraia kwa moyo mweupe na ufanye kwa utaratibu. Kinachoumiza watu ni kuchukua uraia kwasababu marafiki wote wamechukua.

PR nayo inakufa

Ukiamua kubaki na PR usidhani "ya kudumu" maana yake milele. Kanada wanataka uwe ndani siku 730 katika kila miaka mitano, yani miwili kati ya mitano, na sio lazima mfululizo. ILR ya Uingereza kwa kawaida inakufa ukikaa nje miaka miwili mfululizo. Ujerumani ni wakali zaidi, kibali cha kudumu cha kawaida ukikaa nje miezi sita kinaweza kuisha. Marekani wao wanaangalia nia, lakini ukizidisha mwaka nje bila kibali cha kurudi umejiletea matatizo, na kibali hicho kinaombwa ukiwa bado ndani ya Marekani, kinadumu mpaka miaka miwili.

Mtu aliyekuja Dar kumuuguza baba, ugonjwa ukavuta, akajikuta mwaka na nusu yuko Sinza na grinkadi kwenye pochi, huyo alitakiwa kujaza fomu kabla ya kupanda ndege. Kama unajua safari inaweza kuwa ndefu jaza tu, usipoitumia hamna hasara zaidi ya ada.

Kuhesabu siku, hapa kaa chini na kalamu

Kila nchi ina hesabu yake na hazifanani, na maombi mengi yanakwama kwenye siku kuliko kwenye mtihani.

Kanada: siku 1,095 za kuwepo mwilini ndani ya miaka mitano kabla ya kusaini fomu. Kama ulikuwa kule kihalali kabla ya PR, mwanafunzi au mfanyakazi, kila siku inahesabiwa nusu, na nusu hizo zikijumlishwa hazizidi siku 365. Lazima pia uwe umewasilisha kodi kwa miaka mitatu ndani ya hiyo mitano kama ulitakiwa. Mtihani ni maswali 20, unatakiwa upate 15, na mtihani na lugha vinawahusu wenye miaka 18 hadi 54. Usipeleke ukiwa na 1,095 kamili, ongeza wiki kadhaa za akiba, maana wakikuta safari moja ya kwenda Buffalo kununua viatu uliyoisahau umerudi nyuma.

Marekani: miaka mitano ya grinkadi, au mitatu kama mume au mke wako ni raia na mnaishi pamoja muda wote huo. Ndani ya hiyo mitano uwe mwilini miezi 30, kwa mitatu ni miezi 18. Alafu kuna kitu tofauti kabisa ambacho watu wanakichanganya na hicho, mfululizo wa makazi. Safari moja ikizidi miezi sita wanachukulia umekata mfululizo mpaka uthibitishe vinginevyo, kwa mkataba wa nyumba, kazi, kodi, familia iliyobaki kule. Ikifika mwaka, umekata. Na kile kibali cha kurudi nilichokisema kinalinda grinkadi tu, hakilindi hesabu ya uraia, wengi wanalijua hilo wakiwa wameshachelewa. Fomu ni N-400, unaruhusiwa kuipeleka siku 90 kabla ya kutimiza muda. Mtihani wa uraia kwa waliopeleka kuanzia 20 Oktoba 2025 ni mpya: unaulizwa mpaka maswali 20 kutoka kwenye orodha ya 128, unatakiwa upate 12. Ukiwa na daftari la zamani la maswali 100 litupe.

Uingereza: miaka mitano, nje usizidi siku 450 kwa jumla na usizidi 90 kwenye miezi 12 ya mwisho. Ukishapata ILR kawaida unasubiri miezi 12 ndio unaomba. Mwenye mume au mke Muingereza ni miaka mitatu, siku 270 nje, na hasubiri ile miezi 12. Na kuna hiki kidogo kinachokata watu: siku ileile miaka mitano nyuma kabla ya maombi yako kupokelewa lazima uwe ulikuwa ndani ya Uingereza. Kama siku hiyo ulikuwa Bagamoyo kwenye harusi ya binamu, sogeza maombi mbele kidogo. Mtihani wao ni maswali 24 ndani ya dakika 45, kufaulu ni asilimia 75. Ada ndio usiseme, imepita pauni 1,500, kwahiyo anza kuweka mapema, kama mko wawili ni mara mbili.

Ushahidi wa siku unaanzia kwako. Weka jedwali kwenye simu, tarehe ya kutoka, ya kurudi, nchi, sababu, alafu piga picha tiketi na muhuri. Usitupe pasipoti ya zamani hata kama imetobolewa. Wengi walibadilisha zile za zamani kwenda za kielektroniki zilipoanza 2018, na mihuri ya miaka ya nyuma iko kwenye kile kitabu cha zamani alichoachiwa mdogo wake Mwananyamala achezee.

Kazi ya huku Dar, kabla ya kiapo

Hii ndio sehemu ambayo nakuomba usiiharakishe.

Majina kwanza. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Mohamed, pasipoti inasema Mohammed, cheti cha ndoa kina jina la babu na grinkadi haina. Kule nje kila tofauti ni swali na kila swali ni miezi. Kama cheti chako ni kile cha zamani cha mkono kilichofifia, omba kipya RITA, siku hizi maombi yanaanza kwenye mtandao wao. Tofauti ya majina inarekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, na kama ni kubadili jina kabisa kuna hati yake inayosajiliwa. Fanya ukiwa bado raia, ofisi zote zinakujua hivyo, kitambulisho kinafanya kazi, hakuna anayekuuliza maswali ya ziada.

Sasa ardhi. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa muda. Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 20 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji chini ya sheria za uwekezaji. Haina kipengele cha "ila kama alizaliwa Temeke", ukiacha ile hadhi maalum nitakayoieleza mbele. Ukishaapa kule wewe ni asiye raia, na kiwanja cha Kibada chenye jina lako kinakuwa na mwenye jina asiyetakiwa kuwa nacho kwa njia ile. Wengi wanaendelea nacho kimya na miaka inapita, mpaka siku anataka kuuza, au anataka mkopo, au anakufa na ndugu wanaanza mirathi, hapo ndio kinaibuka, na kikiibuka anayenufaika huwa sio wewe.

Kwahiyo orodhesha kila ulichonacho: chenye hati, chenye ofa, cha serikali ya mtaa kwa karatasi ya mauziano tu, shamba la kijijini Mkuranga ulilonunua kwa mashahidi watatu. Kwa kila kimoja amua: kuuza, kumhamishia mwenza ambaye anabaki Mtanzania, kumhamishia mtoto mkubwa au mzazi. Uhamisho ufanyike kweli, na kodi yake, na usajili, isiwe maneno ya mdomo kati yako na kaka. Nalisema hili kwa uchungu kwasababu nimeona nyumba ya ghorofa moja Tabata imegeuka ugomvi wa ukoo, mwenye hela yuko nje hana karatasi yoyote, na mwenye jina anaapa ni zawadi. Kama unamwamini ndugu, sawa, ila mwamini kwa maandishi, kwa wakili, na nakala ukae nayo. Unguja na Pemba wana sheria zao za ardhi, ukiwa na mali kule tafuta wakili wa kule.

Nguvu ya kisheria ya mtu kukuwakilisha nayo andaa mapema, iseme wazi anaruhusiwa nini na haruhusiwi nini. Ile ya "afanye lolote kwa niaba yangu" usitoe hata kwa pacha wako.

Vitu vidogo vinavyosahaulika: laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na benki imefunguliwa kwa kitambulisho hicho hicho. Ukishakuwa raia wa nje taarifa zako zinabadilika, laini ya mgeni inasajiliwa kwa pasipoti. Kama pesa za ujenzi unazituma kwenye simu iliyo kwa jina lako anayoishika fundi mkuu au shangazi, panga upya.

Watoto

Hapa sheria yetu ina nafasi kidogo na itumieni. Mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania anapata uraia wa Tanzania kwa kurithi, na kama nchi aliyozaliwa nayo inampa wake (Marekani kwa kuzaliwa pale, Uingereza kama mzazi mmoja ana ILR au ni raia) basi mtoto anakuwa na vyote viwili kihalali mpaka utu uzima. Akifika miaka 18 inabidi achague, na akitaka kubaki Mtanzania anatakiwa aukane ule mwingine na kula kiapo cha utii.

Kinachoangaliwa ni uraia wa mzazi siku mtoto anazaliwa. Soma tena hiyo. Mama na baba wote wakiapa kule mwezi wa tatu na mtoto akazaliwa mwezi wa tano, huyo mtoto hana pa kuurithi. Dada yake mwenye miaka minne anao, yeye hana. Kama mnatarajia mtoto na hili lina maana kwenu, kiapo kinaweza kusubiri, au mzazi mmoja abaki na PR. Familia kadhaa ninazozijua wamefanya hivyo, mmoja anachukua uraia ili alete wazazi au apate kazi fulani, mwingine anabaki Mtanzania, ardhi inakaa upande wake, watoto wanapita upande wake. Kwa maoni yangu ndio mpango mzuri kuliko yote kwa wanandoa wanaoaminiana, na nasisitiza wanaoaminiana.

Urithi huu pia kwa kawaida ni wa kizazi kimoja. Mtoto wako aliyezaliwa Leicester ni Mtanzania kwa kurithi, mjukuu wako akizaliwa Leicester naye, usitegemee.

Chukueni cheti cha kuzaliwa, mkaandikishe ubalozini mapema, msisubiri mtoto awe na miaka 17 ndio muanze kuhangaika.

Kama unaenda Marekani, kodi inakuja nawe

Nimeitenga hii kwasababu kwingine ni nadra sana kuikuta. Marekani wanamtoza kodi raia wao popote alipo duniani, na mwenye grinkadi pia. Yani hata kabla ya uraia, pango la nyumba unayopangisha Kinondoni unatakiwa kulitaja kule. Akaunti zako za nje, ukijumlisha zote CRDB, NMB na nyinginezo, zikigusa zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, kuna taarifa maalum unapeleka kila mwaka, na adhabu ya kutopeleka ni kubwa kuliko hela yenyewe wakati mwingine. Tofauti ni kwamba mwenye PR akirudi nyumbani anaweza kurudisha grinkadi na kufunga hesabu, raia mpaka aukane uraia wa Marekani, na hiyo nayo ina taratibu na ada. Unayepanga kuja kuzeekea Mbweni, hili lipime kabla.

Baada ya kiapo

Usitumie pasipoti mbili. Najua watu wanafanya, wanatokea na moja wanaingia na nyingine, na wanapeana mbinu. Usifanye. Pasipoti ya Tanzania ni mali ya serikali na umeshika ukiwa sio raia, hilo ni kosa, na mtu wa dirishani pale uwanjani akiuliza kwanini huna muhuri wa kutoka ulikotoka huna jibu zuri. Irudishe ubalozini, omba karatasi ya kupokelewa, tunza.

Serikali haikukubali uraia pacha, imechagua njia ya hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania ambao ni raia wa nchi nyingine, na Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi zimeguswa kwa ajili hiyo. Ndio ile nilisema inafanana na OCI: inakulegezea kuingia, kukaa na mambo ya mali, lakini sio uraia, haikupi kura wala pasipoti. Masharti yake yasome kwenye maandishi ya Uhamiaji wenyewe, usisome kwenye vipande vya video, na usiuze kiwanja wala usiache kuuza kwasababu ya ulichosikia kwenye redio.

Ukitaka kuurudia Utanzania baadaye usitegemee ni kama kuhuisha leseni. Njia ya kawaida ya mgeni kuomba uraia kwa tajnisi inataka uwe umeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba na jumla ya miaka saba ndani ya kumi kabla ya hiyo, na uwe tayari kuuacha ule ulioupata. Kwa mtu wa miaka 60 hiyo ni safari.

Mpangilio ninaompa kila mtu anayeniuliza

Miaka miwili kabla ya tarehe ya kuomba, hesabu siku na rekebisha majina. Mwaka mmoja na nusu kabla, njoo Dar mwenyewe, sio kwa simu, likizo hiyo iwe ya makaratasi: RITA asubuhi, wakili mchana, ofisi ya ardhi ya halmashauri siku inayofuata, na acha siku za akiba maana mtandao ukikata imekata. Mwaka mmoja kabla, uhamisho wa ardhi uwe umeshasajiliwa na sio "upo kwenye mchakato". Miezi sita kabla, kaa na mwenza wako muamue nani anaapa na nani anabaki. Alafu ndio upeleke fomu. Kati ya fomu na kiapo kuna miezi mingine ya kusubiri, hiyo ni nafasi ya mwisho ya kumalizia kilichobaki, na mpaka mkono haujanyooshwa unaruhusiwa kuahirisha au kujitoa kabisa, hakuna atakayekunyang'anya PR kwasababu hiyo.

Wakala atakayekwambia ana mtu wake Uhamiaji Kurasini atakufanyia uwe na vyote viwili, muache. Kwanza hakuna mtu wa hivyo, pili nakala ya pasipoti zako zote mbili unamwachia yeye. Ukiwa na swali la kweli liandike kwa barua, nenda nalo Uhamiaji pale Kurasini au litume ubalozini, uombe jibu la maandishi, na hilo jibu lifunge kwenye faili moja na cheti cha RITA, nakala za hati, na lile jedwali la safari.